Kadi ya mtandao na vipuri vya seva ya kompyuta kuukuu: kipi ufunge, kipi uache

Kabla hujalinganisha kadi yoyote, fungua kasha la kompyuta uliyonayo, mulika tochi ndani, uangalie sloti, yaani nafasi za kuchomekea kadi. Wengi wanaotengeneza seva kwa mashine ya zamani huanza na swali la kasi: nichukue gigabiti 1, 2.5 au 10? Swali hilo lina mahali pake, ila ni la tatu. La kwanza ni ubao mama una njia ngapi za kupitisha data, na la pili ni diski zako zinasoma kwa kasi gani. Ukishajibu hayo mawili, kadi nyingi huwa zimejiondoa zenyewe, na zilizobaki unazilinganisha kwa utulivu.

Msimamo wangu nautaja mapema ili usome ukiujua. Kwa seva ya nyumbani au ya ofisi ndogo iliyotokana na kompyuta ya kati ya mwaka 2009 na 2015, napendelea kadi ya mtumba iliyong'olewa kwenye seva halisi kuliko kadi mpya ya bei ya chini. Wahenga walisema ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa, na kwenye kadi za mtandao naiona methali hiyo ikitimia karibu kila mara. Nitaonyesha pia pale ambapo haitimii.

Sloti huamua kabla yako

Kama ubao wako una sloti za PCI za kale tu, habari ni fupi. Njia nzima ya PCI ya biti 32 kwa megahezi 33 hupitisha megabaiti 133 kwa sekunde, na hizo hugawanywa kwa kadi zote zilizochomekwa. Kadi ya gigabiti 1 peke yake inaweza kutaka megabaiti 125 kwenda na 125 nyingine kurudi. Kwa hiyo kadi ya PCI ya gigabiti hufanya kazi, lakini haifiki mwisho wa uwezo wake, na ukiweka mbili zinanyang'anyana. Mashine ya namna hiyo iachie kazi nyepesi kama kujibu maswali ya DNS (kugeuza majina ya tovuti kuwa anwani) au kuhifadhi kumbukumbu za matukio, usiisumbue kwa mafaili makubwa.

Kwenye PCIe, mrithi wa PCI, hesabu ni nzuri zaidi. Njia moja ya toleo la 1 hupitisha megabaiti 250 kwa sekunde kila upande, ya toleo la 2 megabaiti 500, ya toleo la 3 karibu megabaiti 985. Gigabiti 10 ni megabaiti 1,250 kwa sekunde, kwa hiyo njia nne za toleo la 2 zinautosha mlango mmoja wa kasi hiyo na kubakisha nafasi. Kadi ya njia nane itafanya kazi kwenye sloti ya njia nne, mradi sloti iwe ndefu ya kuipokea au iwe wazi upande wa nyuma. Itakosa kasi tu, haitaharibika.

Tatizo ni kwamba urefu wa sloti hausemi ukweli wote. Niliwahi kufunga kadi ya gigabiti 10 kwenye sloti ndefu ya chini, ile inayofanana kabisa na ya kadi ya picha. Taa zikawaka, anwani ikapatikana, kila kitu kikaonekana sawa. Nilipopima kwa iperf3, programu ya kupima kasi ya mtandao, kasi ikagota kwenye gigabiti 3.2 na kukaa hapohapo. Nilibadilisha kebo, nikabadilisha mashine ya upande wa pili, nikapoteza jioni nzima. Kilichonifumbua macho ni amri ya Linux ya `lspci -vv`, inayoorodhesha kadi zilizochomekwa: mstari wa LnkCap ulisema kadi inaweza x8, yaani njia nane, na mstari wa LnkSta ulisema imeunganishwa x1. Sloti ile ndefu iligawana njia na sloti mbili fupi za jirani, na BIOS ilikuwa imeiweka kwenye x1 ili sloti fupi ziendelee kufanya kazi. Niliibadilisha iwe x4, sloti fupi zikazimika, kasi ikapanda mara moja.

Kwa hiyo soma kitabu cha ubao mama kabla ya kununua kadi. Kama kitabu hakipo, mulika ndani ya sloti: vijino vya dhahabu mara nyingi huishia kabla ya nusu ya urefu kwenye sloti ya njia nne iliyovaa umbo la x16. Angalia pia umri wa chipuseti, yaani chipu kuu ya ubao. Chipuseti za Intel za kizazi cha H55, P55 na Q57 ziliandikwa PCIe 2.0, lakini njia zake zilikwenda kwa mwendo wa toleo la 1. Sloti fupi ya ubao wa namna hiyo inatosha gigabiti 1 bila shida, ila kwa kadi ya gigabiti 2.5, inayotaka megabaiti 312 kwa sekunde, ni nyembamba tayari.

Kuna pia bao za zamani za kompyuta za ofisini ambazo hazipendi kuona chochote kwenye sloti ya x16 isipokuwa kadi ya picha, au huzima picha ya ndani ukiweka kitu hapo. Jaribu na kadi ya kuazima kabla hujatoa pesa.

Gigabiti 1: chipu ya ubaoni au kadi ya Intel?

Hapa ndipo watu hubishana sana, na jibu linategemea mfumo wa uendeshaji kuliko chipu yenyewe.

Bao nyingi za kawaida zina chipu ya Realtek, RTL8111 au RTL8168. Ukiendesha Linux, draiva (programu inayoiendesha chipu) ya r8169 imekomaa, na kwa seva ya mafaili yenye watumiaji wachache huna sababu ya kununua kadi nyingine. Iache ilivyo, pima kwa iperf3, na ukiona karibu megabiti 940 kwa sekunde umemaliza.

Mambo hubadilika ukiendesha mfumo uliojengwa juu ya FreeBSD, kama pfSense au OPNsense kwa ajili ya ruta na ngome ya mtandao. Draiva ya re ya FreeBSD ina historia ndefu ya malalamiko ya kukatika mzigo ukizidi, na wengi huishia kuweka draiva ya Realtek kama nyongeza. Kwa ruta, ambayo ikikatika nyumba nzima au ofisi nzima inakatika, sioni haja ya kubahatisha. Weka Intel.

Ndani ya Intel, tofauti ziko hivi. 82574L ni kadi ya mlango mmoja, ya njia moja, isiyohitaji feni wala maelezo mengi. I210 ni mdogo wake mwenye foleni nne za kupokea data badala ya mbili. I350 ndiyo ninayoipenda kuliko zote kwa kazi hii: ina milango miwili au minne, ina foleni nane kwa kila mlango, na inaruhusu mlango mmoja kugawanywa kwa mashine pepe (kompyuta za programu ndani ya mashine moja) kadhaa bila kumchosha mchakataji. Foleni hizo si pambo. Prosesa ya zamani yenye viini vinne dhaifu hugawana kazi ya mtandao kwa viini vyote pale kadi inapotoa foleni nyingi. Kadi yenye foleni moja humtupia kiini kimoja mzigo wote, na hicho kikijaa, kasi inaishia hapo hata kama vingine vimelala.

Kadi za Broadcom zilizotoka kwenye seva nazo ni nzuri na watu huzipuuza bure. BCM5720 na draiva ya tg3 hufanya kazi bila kelele. Kaka yake mkubwa BCM5709, anayetumia draiva ya bnx2, anataka faili la fimwea (programu ya ndani ya kadi) lililo nje ya kerneli (kiini cha Linux); ukisakinisha Debian ya kabla ya toleo la 12 la mwaka 2023, jiandae kulileta mwenyewe kwa flashi, kwa sababu ni kuanzia toleo hilo ndipo fimwea za namna hii zilipoanza kuja ndani ya diski rasmi ya usakinishaji.

Je, milango miwili au minne? Kwa ruta, miwili inatosha: mmoja wa nje, mmoja wa ndani, na swichi inayojua VLAN (kugawa mtandao mmoja kuwa kadhaa) hufanya mengine. Minne ina maana ukiendesha mashine pepe nyingi na unataka kutenganisha mitandao kimwili. Usinunue kadi ya milango minne ukidhani kuiunganisha pamoja kutakupa gigabiti 4 unaponakili faili moja. Ukiiunganisha kwa LACP, itifaki ya kuunganisha milango, muunganisho mmoja bado hupita kwenye mlango mmoja. Faida inaonekana pale watumiaji wengi wanapoingia kwa wakati mmoja.

Zaidi ya gigabiti 1

Jiulize kwanza kama diski zako zinastahili. Diski moja ya zamani ya kuzunguka husoma kwa megabaiti 100 hivi kwa sekunde, na gigabiti 1 hubeba karibu megabaiti 115 za mafaili. Hapo kadi ya kasi zaidi haikusaidii chochote. Ukiwa na diski nne za kisasa zilizopangwa pamoja, au SSD hata moja ya SATA, basi mtandao ndio unaokubana, na hapo mazungumzo yanaanza.

Njia ziko tatu: gigabiti 2.5, gigabiti 10 ya SFP+ (mlango wa moduli ya faiba au kebo maalumu ya shaba), na gigabiti 10 ya RJ45 (kichwa cha kebo ya kawaida ya mtandao). Hii ndiyo jedwali ninayorudia kuiangalia:

| Kadi au chipu | Milango | Sloti | Draiva ya Linux |
|---|---|---|---|
| Intel 82574L | 1, RJ45, gigabiti 1 | PCIe 1.1 x1 | e1000e |
| Intel I350 | 2 au 4, RJ45, gigabiti 1 | PCIe 2.1 x4 | igb |
| Realtek RTL8125 | 1, RJ45, gigabiti 2.5 | PCIe 2 x1 | r8169 |
| Intel X520-DA2 | 2, SFP+, gigabiti 10 | PCIe 2.0 x8 | ixgbe |
| Mellanox ConnectX-3 EN (mlango mmoja) | 1, SFP+, gigabiti 10 | PCIe 3.0 x4 | mlx4_en |
| Intel X540-T2 | 2, RJ45, gigabiti 10 | PCIe 2.1 x8 | ixgbe |
| Intel X550-T2 | 2, RJ45, gigabiti 10 | PCIe 3.0 x4 | ixgbe |

Gigabiti 2.5 ndipo mahali ambapo kipya kinashinda kikuukuu. Kiwango chenyewe ni cha mwaka 2016, kwa hiyo kadi za mtumba za seva za kasi hiyo ni nadra. RTL8125 inataka sloti fupi moja ya toleo la 2, inatumia kebo za Cat5e zilizokwisha kupitishwa ukutani, na haichomi. Hakikisha kerneli yako ni 5.9 au mpya zaidi ili matoleo yote mawili ya chipu hiyo yatambuliwe. Intel nao wana I225 na I226. Ukikutana na I225 ulizia ni toleo la ngapi, kwa sababu matoleo yake ya awali yalikuwa na kasoro ya kupoteza muunganisho na swichi fulani. Kama una sloti fupi pekee, usitafute zaidi, chukua 2.5.

Ukiwa na sloti ya njia nne au nane, SFP+ ndiyo njia ninayoisimamia. X520 na ConnectX-3 zote mbili zimetoka kwa wingi kwenye vituo vya data, na zote mbili zimekomaa kwenye Linux. Tofauti yake inakaa kwenye mambo madogo yanayouma. X520 huchagua moduli: ukiweka moduli ya faiba isiyo na alama ya Intel, draiva huikataa na mlango hauwaki, hadi uiambie ikubali kwa `allow_unsupported_sfp=1` unapoipakia. ConnectX-3 haina masharti hayo. Tena ConnectX-3 ya mlango mmoja inahitaji njia nne tu, na kwenye ubao wa toleo la 2 njia hizo nne bado zinautosha mlango wake. X520 ikibanwa kwenye njia nne inatosha mlango mmoja pia, ila ule wa pili unakuwa wa akiba. Kwa upande mwingine, X520 inakubalika vizuri sana kwenye FreeBSD na haina majina mengi ya kuchanganya. Mellanox waliuza kadi zinazofanana sura, nyingine za Ethaneti, nyingine za InfiniBand, nyingine zinazogeuzwa kwa programu, na muuzaji wa mtumba mara nyingi hajui anauza ipi. Soma namba ya modeli kwenye stika, usitegemee maelezo ya tangazo. Na kama utaona ConnectX-2 kwa bei ya kutupa, iache. Ni ya zamani mno na mifumo mipya inazidi kuitupa nyuma.

Kuunganisha mashine mbili zilizo karibu, tumia kebo ya shaba yenye vichwa vya SFP+ ncha zote mbili, ile iitwayo DAC. Haihitaji moduli, haipati joto, na hata X520 huipokea ya karibu kampuni yoyote mradi iwe ya aina isiyotumia umeme wake. Ikipita mita chache, hamia faiba: kebo ya OM3 hufikisha gigabiti 10 hadi mita 300.

Na RJ45 ya gigabiti 10? X540 inavutia kwa sababu kebo unazo tayari. Naomba uiguse kwa mkono baada ya saa moja ya kazi kabla hujaamua. Kadi ya milango miwili hula zaidi ya wati 10 mfululizo, bamba lake la kupoozea hupata joto la kukufanya uondoe kidole haraka, na nyingi zilikuja na kifeni kidogo ambacho baada ya miaka kumi huanza kulia. Iliundwa kwa ajili ya kasha la raki lenye upepo mkali, si kwa kasha la ofisini lenye feni moja ya nyuma. Haijui 2.5 wala 5: ni gigabiti 10, 1, au megabiti 100. X550 imerekebisha mengi ya hayo, inajua kasi za katikati na inatosheka na njia nne, ila ni ngumu zaidi kuipata. Kumbuka pia kebo: Cat6 hubeba gigabiti 10 hadi mita 55 hivi, Cat6a hadi mita 100.

Kununua mtumba bila kuuziwa mbuzi kwenye gunia

I350 imeigwa mno. Bandia nyingi hufanya kazi kwa siku za kwanza, kisha huanza kupotea mzigo ukipanda au joto likizidi. Linganisha picha ya kadi na picha ya kadi halali: ubora wa uchapaji, jina la mtengenezaji kwenye vikasha vya milango, stika ya usalama. Njia salama kwangu ni kuchukua kadi iliyotengenezwa kwa ajili ya kampuni kubwa ya seva, yenye namba ya sehemu ya kampuni hiyo, iliyochafuka kidogo kwa vumbi la kazi. Kadi inayodaiwa kuwa ya mwaka 2012 lakini inang'aa kama imetoka kiwandani jana hunitia shaka.

Angalia umbo. Seva nyingi za raki zina kadi za mtandao zisizo za PCIe ya kawaida: zinachomekwa kwa kulala juu ya ubao, na kichwa chake ni tofauti kabisa. Kwenye picha iliyokatwa pembeni zinafanana na kadi za kawaida, na bei yake huwa ya kushawishi. Bila adapta maalumu hazitakufaa. Angalia pia kibati cha nyuma. Kipo kifupi cha makasha membamba na kirefu cha makasha ya kawaida; kadi nyingi za mtumba huja na kifupi pekee, nawe unabaki na kadi inayoning'inia bila skrubu. Ukivuta kebo, inachomoka nusu, na mashine inaganda.

Kadi ya diski

Hapa linganisho ni kati ya vitu vitatu: kadi ndogo ya SATA, kadi ya RAID (inayozipanga diski yenyewe), na kadi ya HBA ya seva (inayoziunganisha tu).

Kadi ndogo zenye ASM1166 au JMB585 hukupa milango sita au mitano kwa umeme kidogo. Zinafaa, hasa kama seva iko mahali penye joto au umeme ni ghali kwako. Kwenye PCIe 2.0 njia zake mbili hubeba gigabaiti 1 kwa sekunde, na diski tano za kuzunguka zikisoma kwa pamoja zitakaribia hapo. Zile zinazotangaza milango kumi au kumi na zaidi kwenye sloti fupi ziepuke. Zimegawa mlango mmoja mara nyingi kwa chipu ya ziada, na diski moja ikipata kwikwi inaweza kuziangusha jirani zake.

HBA yenye SAS2008, kama LSI 9211-8i, ndiyo farasi wa kazi wa seva za namna hii: diski nane, PCIe 2.0 x8, na ikiwekewa fimwea ya IT huzionyesha diski zilivyo bila kujifanya msimamizi. SAS2308 ni ileile kwa PCIe 3.0. Ya nyuma yake, SAS1068E, haioni zaidi ya terabaiti 2 kwa diski moja, kwa hiyo iache hata ukipewa bure. Kama utatumia ZFS, mfumo wa mafaili unaosimamia diski wenyewe, usichukue kadi ya RAID isiyoweza kugeuzwa kuwa HBA. ZFS inataka kuzungumza na diski yenyewe, na kadi ya RAID inasimama katikati ikificha makosa.

Kasoro ya HBA ni joto. Nilipofunga ya kwanza kwenye kasha la kawaida, diski zilianza kutoweka moja moja nilipokuwa nikinakili usiku. Nilishuku kebo, nikashuku pawa saplai. Asubuhi nilifungua kasha mashine ikiwa inafanya kazi, nikagusa bamba la chipu, na kidole kikabaki na alama kwa siku mbili. Nilifunga feni ya sentimita 4 kwa vibano vya plastiki juu ya bamba lile, na diski hazijatoweka tena tangu hapo.

Jambo moja linalowashangaza wengi: baadhi ya HBA na kadi za RAID za seva huzuia ubao wa kawaida usiwake kabisa, au huufanya usione RAM yote. Sababu ni nyaya za SMBus (za mawasiliano ya usimamizi) kwenye pini B5 na B6 za PCIe, ambazo kadi na ubao hugombania. Ziba pini hizo mbili kwa kipande chembamba cha utepe unaostahimili joto, na mashine huwaka.

Mashine yenyewe: ya ofisini au ya raki?

Sitakaa sana hapa. Seva ya raki ya soketi mbili ina RAM ya ECC (inayosahihisha makosa yake), nafasi za diski, pawa saplai mbili, na kelele ambayo huwezi kulala nayo chumba kimoja. Mara nyingi hupita wati 100 hata ikiwa haina kazi. Kompyuta ya ofisini ya kizazi cha nne cha Core hukaa chini ya nusu ya hapo. Tofauti ya wati 60 kwa mwaka mzima ni takriban kilowati-saa 525. Fanya hesabu kwa bili yako mwenyewe kabla ya kufurahia bei ndogo ya raki. Mimi huchukua ya raki pale tu ninapohitaji RAM nyingi.

RAM nayo ina mtego wake. Moduli za ECC zipo za aina mbili kuu, RDIMM (zenye chipu ya rejista) na UDIMM (zisizo nayo), na hazichanganyiki. Xeon E3-1200 za DDR3 zinataka UDIMM na hazivuki gigabaiti 32. Xeon E5-2600 zinatumia RDIMM na zinakwenda mbali. RDIMM za DDR3 zimejaa sokoni kwa bei ndogo, na hapo ndipo watu huzinunua kwa ajili ya ubao ambao hautazikubali kamwe.

Kwa prosesa, angalia mambo matatu. AES-NI (amri za usimbaji ndani ya prosesa), kama utasimba diski au utaendesha VPN: i3 za kizazi cha pili na cha tatu hazina, za kizazi cha nne zinayo. VT-d, kama utampa mashine pepe kadi nzima ya mtandao: i5-2500K na i7-2600K hazina, ijapokuwa i5-2500 ya kawaida inayo. Na umri kwa ujumla: RHEL 9 (Linux ya Red Hat) inataka prosesa ya angalau kiwango cha x86-64-v2, RHEL 10 inataka v3, yaani Haswell (kizazi cha nne cha Core) na kuendelea kwa upande wa Intel. Debian 13 ya mwaka 2025 imeacha kutoa kisakinishi cha i386. Mashine ya biti 32 sasa ni ya makumbusho.

Pawa saplai na nyaya

Hapa usitumie mtumba kama unaweza kuepuka. Diski ya inchi 3.5 huvuta karibu ampea 2 kwenye volti 12 inapoanza kuzunguka, na diski nane zikiamka pamoja ni karibu wati 200 kwa sekunde chache. Pawa saplai ya miaka kumi na mitano yenye kapasita zilizovimba haitakuambia kwamba imechoka. Itakuangushia diski mbili kwa pamoja. Kompyuta nyingi za ofisini zina vichwa vya umeme visivyo vya ATX ya kawaida, kwa hiyo hakikisha adapta ipo kabla ya kuagiza mpya.

Adapta za kugeuza Molex kuwa SATA zichague kwa macho. Zile ambazo plastiki imemwagwa juu ya nyaya kwa kuyeyushwa zimekwisha kuunguza mashine nyingi, kwa sababu ndani nyaya zinaweza kusogeleana na kugusana. Chukua zile zenye vijino vilivyobanwa na kichwa kinachofunguka.

Na kama diski kubwa uliyoitoa kwenye kasha la nje haizunguki kabisa kwenye pawa saplai yako ya zamani, usiirudishe bado. Kiwango kipya cha SATA kimeipa pini ya tatu ya umeme kazi ya kuizima diski, na pawa saplai za zamani hupeleka volti 3.3 hapohapo muda wote. Ziba pini hiyo kwa utepe, au tumia waya usio na volti 3.3.

Baada ya kufunga

Endesha memtest86+, kipimo cha RAM, usiku mzima. Asubuhi, angalia LnkSta ya kila kadi kwa `lspci -vv`, kisha kasi ya kila mlango kwa `ethtool`. Ukiona 1000Mb/s, vizuri. Ukiona 100Mb/s kwenye kadi ya gigabiti, usiilaumu kadi kwanza: gigabiti 1 inataka jozi zote nne za waya, na megabiti 100 inataka mbili tu, kwa hiyo kebo yenye waya mmoja uliokatika itaendelea kufanya kazi kimyakimya kwa kasi ya megabaiti 11 kwa sekunde. Kisha endesha iperf3 kwa saa moja kila upande, ukiwa umeufunga mfuniko wa kasha kama utakavyoufunga siku zote, na uiguse kadi inapomaliza.